"Bibi Kasema Nini?" na Sisi wa Nyuma ya Pazia

Siku ya kwanza nilipoingia katika ukumbi wetu wa michezo wa Ibra, huku Oman, Ustadh Idris alinipa ufagio. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, nimevaa abaya mpya na viatu vya kisigino. Nilitumwa kule na ofisi iliyousimamia ukumbi kwa sababu kila aliyetajwa kabla yangu alitoa udhuru. Nilidhani ninakwenda kushika funguo na kujibu simu. Ustadh akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akasema kwa Kiarabu chake cha Sudani, "Vua hivyo, upite jukwaa zima peku. Kitakachokuchoma wewe leo, kesho kingemchoma mchezaji."

Nikavua. Nikachomwa na pini mbili na kipande cha msumari. Ndivyo nilivyoanza kazi ya usimamizi wa jukwaa, na ndivyo nitakavyokuanzisheni nyinyi mnaoirithi, maana mmeniomba niandike na mimi sina pa kuanzia isipokuwa nyayo zangu.

Sisi hatukuwa watu wa kumbi kubwa za Maskati, zenye viti vya mahameli na wageni wanaokuja na walinzi. Ukumbi wetu zamani ulikuwa ghala la tende. Uliezuliwa, ukaezekwa upya, ukapakwa chokaa, lakini harufu haikukubali kutoka. Wakati wa joto kuta zilitoa jasho tamu na sisimizi walipanda jukwaani bila kuitwa. Mchezaji mmoja aliwahi kufa vizuri sana katika mchezo wa huzuni, akalala kifudifudi, halafu akafufuka ghafla akijikuna. Watu walipiga makofi. Walidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Ustadh Idris alikuwa mwalimu wa skuli, na michezo ya kuigiza ilikuwa maradhi yake. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinifundisha kubandika utepe wa rangi sakafuni, kila mchezaji na rangi yake, ili taa zikizimwa kila mtu ajue pa kusimama. Alinifundisha kufunika tochi kwa karatasi ya buluu ili mwanga usionekane na watazamaji. Alinifundisha kuweka mfukoni pini, uzi mweusi, uzi mweupe, tangawizi kavu na kitambaa safi. Na alinifundisha kukumbusha maneno. Mchezaji akisahau, usimpe sentensi nzima, atababaika. Mpe neno la kwanza tu, tena mpe anapovuta pumzi, si anapoitoa. Ukimpa kwa wakati wake, mwenyewe hatojua kama amesaidiwa. Aliporudi kwao aliniachia ile tochi. Imebadilishwa kioo, imebadilishwa balbu, na kifuniko si chake tena, lakini mimi naiita tochi ya Ustadh.

Miaka mingi tulicheza michezo ya skuli, ya sikukuu, ya kuhimiza watu waoshe mikono. Sikuidharau hata mmoja. Lakini kama mtaniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, nitakutajieni mchezo mmoja.

Uliandikwa na Hafidh, mwalimu wa fizikia, kijana wa hapa hapa Ibra ambaye wazee wake, kama wangu, walirudi kutoka Unguja. Alikuja ukumbini na karatasi kwapani, akanisomea amesimama. Kisa chenyewe ni hiki. Familia ya Waarabu wa ndani ya Oman, watu wa Nizwa, inakwenda kuposa kwa familia iliyotoka Zanzibar. Mwenye kauli ya mwisho ni bibi wa bi harusi, na bibi huyo hasemi ila Kiswahili. Basi analetwa mkalimani. Mkalimani ameahidiwa karamu posa ikikubaliwa, na bibi hamtaki mposaji. Kila bibi anapotukana, mkalimani anatafsiri sifa. Kila baba wa mposaji anapojivuna, mkalimani anamwambia bibi kuwa mzee anaomba msamaha. Na kila mara baba huyo anauliza, "Bibi kasema nini?" Hilo ndilo likawa jina la mchezo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwuliza, "Hafidh, nusu ya mchezo ni Kiswahili. Nani ataelewa?"

"Wanaoelewa watacheka kwa bibi," akasema. "Wasioelewa watacheka kwa mkalimani. Tutakuwa na vicheko viwili katika ukumbi mmoja, kimoja kinakifukuza kingine."

Ofisini hawakupendezwa. Mkubwa wetu, mtu mpole lakini mwenye hofu ya kila kipya, alituruhusu kwa shingo upande. "Jaribuni," alisema. "Mchezo ukishindwa, tunarudi kwenye michezo ya skuli, na lugha hiyo iwe ya majumbani mwenu." Maneno hayo yalinikaa. Mimi lugha hiyo ndiyo niliyobembelezewa. Wajukuu zangu wanaisikia, lakini wakijibu wanajibu kwa Kiarabu, na wakilazimishwa wanasema "kiti wangu" na "nyumba yake wazuri". Sikuwa tayari kuiona inashushwa jukwaani kwa sababu mtu ameiogopa.

Baba wa mposaji alikuwa Hafidh mwenyewe. Mkalimani alikuwa Hilal, muuza matairi wa mji wa Al Kamil wal Wafi, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kuita ng'ambo ya barabara. Kiswahili chake alikipata kwa mama yake. Bibi ndiye aliyetusumbua. Wanawake watano walikuja kujaribiwa, wote wakicheza ubibi kwa kuinama mgongo na kutetemesha mkono. Mimi nikamkumbuka Bi Rahma.

Bi Rahma alikuwa mkunga aliyestaafu. Alizaliwa Unguja, akasomea kazi yake huko, akaja Oman mtu mzima. Wanawake wengi wa Ibra wamezalia mikononi mwake. Alikuwa amenyooka kama mwenge na ulimi wake ulikuwa hauna likizo. Nilipomweleza mchezo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Huyo bibi anajua kama anatafsiriwa uongo?"

Nikasema Hafidh hakuandika.

"Anajua," akasema. "Bibi gani asijue? Anajua tangu mwanzo, anamwachia tu amwone atafika wapi." Nikajua tumempata.

Kikwazo kilikuwa mwanawe, Mundhir. Alikuwa afisa serikalini, mtu wa miaka arubaini na kitu, dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, haina mkunjo, maneno yamepangwa. Aliniita nyumbani kwao. Nilimkuta barazani na kahawa tayari.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sina neno na wewe. Lakini mama yangu ni mtu wa heshima zake. Akipita sokoni watu wanamwinukia. Leo apande juu ya mbao, watu wamcheke? Wenzangu wa ofisini waje wamwone?"

Kabla sijajibu, Bi Rahma akatokea mlangoni, kanga begani. "Mundhir, mimi nimezalisha wanawake wa mji huu. Wamenitukana kwa uchungu, wameniuma vidole, na nikacheka nao. Leo watu wakicheka kwa raha ndiyo iwe aibu?"

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi?"

Mundhir akashika birika. Akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. "Fanya upendavyo, mama," akasema mwisho. "Lakini mimi sitokuja kutazama. Na nisilazimishwe."

Hakulazimishwa. Ila kulikuwa na jambo jengine. Bi Rahma alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na maandishi madogo yalimtoa machozi. Hakuna aliyekuwa naye nyumbani ila Mundhir. Basi kila siku baada ya alasiri Mundhir alikaa na zile karatasi akamsomea mama yake, yeye akishika maneno ya mkalimani na ya wengine wote, mama akijibu ya bibi. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya ofisi, Bi Rahma alinihadithia, na mara nyingine alikatiza akasema, "Hapa mwandishi kakosea." Lakini hakukosa hata siku moja.

Ibra tulicheza, na ghala la tende likajaa. Mundhir hakuja. Habari zikafika Nizwa, na kituo kimoja cha utamaduni cha kule kikatualika. Ofisini mkubwa wetu aliniita akasema, "Ibra ni kwenu. Nizwa ndiyo mtihani." Kweli. Nizwa ni mji wa wanazuoni na wafanya biashara ya tende, watu wasiocheka kwa adabu tu. Kama Kiswahili chetu kingekaa Nizwa, kingekaa popote.

Siku yenyewe tulitangulia asubuhi na mapambo yetu ndani ya gari la mizigo. Bi Rahma alikuja na Mundhir. Mwana hakukubali mama yake apande basi moja na wachezaji, akamleta kwa gari yake mwenyewe, akaegesha chini ya mti wa mkwaju nje ya ukumbi, akabaki ndani na kiyoyozi. Hilal alikuwa aje peke yake kutoka Al Kamil baada ya kufunga duka.

Adhuhuri mawingu yalikusanyika juu ya milima. Mimi nilikuwa napiga magoti nikibandika utepe wa rangi kwenye jukwaa la wenyewe, kubwa kuliko letu, nikipima upya kila hatua. Simu ikalia.

"Bi Zuwena," sauti ya Hilal ilikuja na upepo ndani yake. "Wadi imeshuka."

Asiyeishi huku hajui neno hilo lina uzito gani. Wadi ni bonde kavu ambalo magari yanapita kila siku. Mvua ikinyesha milimani, linageuka mto wa tope unaobeba mawe na magari. Hakuna hodari wa kulivuka, kuna marehemu tu waliojidhani hodari.

"Usivuke," nikamwambia.

"Mchezo je?"

"Nimesema usivuke, Hilal. Rudi ulale kwenu. Mchezo una mwenyewe."

Nilikata simu, na mwenyewe wa mchezo nikawa mimi. Nikawakusanya. Hafidh alikuwa tayari amevaa joho la baba wa mposaji na jambia kiunoni, uso umemwiva. Akasema yeye atasoma maneno ya mkalimani karatasini. Nikamwuliza na baba achezwe na nani. Mwenyeji wetu wa kituo, kwa ustaarabu mwingi, akasema hakuna lawama, mvua ni rehema, watu wataambiwa waende, na labda siku nyengine. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kuwa "siku nyengine" ni jina la adabu la "basi".

Bi Rahma alikuwa amekaa mbele ya kioo, kanga mbili zimekwishafungwa. Hakugeuka. "Maneno ya mkalimani yuko mtu anayajua yote," akasema. "Yuko nje kwenye gari."

Nilitoka. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nikagonga kioo, Mundhir akakishusha. Nikamwambia yote kwa ufupi.

"Mimi?" akasema. "Bi Zuwena, mimi mtu wa ofisi. Wallahi sijawahi hata kuhutubia harusini."

"Najua."

"Ndani wamekaa watu ninaofanya nao kazi. Nimewaona wakiingia."

"Na hilo najua."

Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Nikikataa?"

"Hakuna atakayekulaumu. Tunakunja vitu vyetu, tunarudi Ibra."

Mimi sikuongeza neno. Ustadh Idris alinifundisha kumpa mtu neno anapovuta pumzi, na Mundhir alikuwa anaitoa.

"Tangu alfajiri mama anaimba," akasema mwisho, kama anajisemea. "Njia nzima kutoka Ibra, anaimba. Sijamsikia akiimba tangu baba alipofariki." Akazima gari, akachomoa ufunguo. "Nguo za Hilal zitanienea?"

Hazikumwenea. Hilal ni watu wawili. Nilimpunguza Mundhir joho kwa pini mgongoni, nikamkunja mikono kwa uzi mweusi, nikamwambia asigeuke kamwe akawapa watu mgongo. Nikampa tangawizi atafune. Nikamwonyesha utepe wake wa kijani sakafuni. Alikuwa ananiitikia kila kitu "naam, naam", kama mimi ni mkubwa wake wa kazi.

Pazia likafunguliwa. Maneno yake ya kwanza hayakufika hata safu ya pili. Ya pili yalifika, lakini yalifika kama taarifa ya ofisi. Nilikuwa pembeni na tochi na karatasi, naona ukumbi unaanza kukohoa. Ukumbi ukikohoa, mchezo uko kitandani.

Ndipo Bi Rahma akafanya jambo ambalo halikuandikwa. Akamgeukia Hafidh, baba wa mposaji, akasema kwa Kiswahili safi cha mjini, "Mwambieni huyu mkalimani aseme kama mwanamume. Tangu asubuhi hajala, kakaa garini anasusa."

Kulikuwa na Waswahili wachache ndani ya ukumbi, wametawanyika. Wote walicheka. Wengine wakageuka kuwatazama wanacheka nini. Hafidh, masikini, akashika kamba aliyopewa. Akamkabili Mundhir na kuuliza kwa Kiarabu, "Bibi kasema nini?"

Mundhir alimtazama mama yake. Nikamwona anavuta pumzi, nikafungua mdomo kumpa neno, halafu nikaufunga. Sikuwa na neno la kumpa, maana karatasini halikuwamo.

"Bibi anasema," akajibu kwa Kiarabu, polepole, dishdasha imenyooka, uso wa afisa, "kwamba nyumba imependeza, wageni wamependeza, na anauliza kama chakula kimekwama kwenye wadi."

Ukumbi mzima wa Nizwa ukapasuka. Kila mmoja mle alikuwa na ndugu au rafiki aliyekwama njiani siku ile. Na tangu hapo ule ukavu wake ukawa dawa. Hilal alichekesha kwa kelele, Mundhir alichekesha kwa kutotaka kucheka. Kila uongo aliutoa kwa heshima kamili, kama anatia muhuri. Wazee wa mbele walikuwa wanajipiga mapajani kwa kicheko.

Mwishoni kuna pahala bibi anakataa posa kwa mara ya mwisho, kwa maneno makali, na mkalimani anatangaza kuwa amekubali. Bi Rahma alisimama. Maneno yake niliyajua kwa moyo, na hakuyasema. Alisema taratibu, akimtazama mwanawe, "Waambie mwanangu alisema hatokuja kunitazama. Waambie kaja."

Waswahili hawakucheka. Hafidh akauliza swali lake, na safari hii aliuliza kwa sauti ndogo. "Bibi kasema nini?"

Mundhir alikaa kimya kwa muda ambao msimamizi yeyote angemkumbusha. Sikumkumbusha. Katika miaka yangu yote ya kazi, kama kuna jambo moja nililolifanya sawasawa, ni kunyamaza pale.

"Anasema ameridhika," akasema. "Alhamdulillah. Ameridhika."

Wasiojua Kiswahili wakapiga vigelegele na makofi, maana posa imekubaliwa. Wanaojua nao wakapiga makofi, lakini wengine walikuwa wanajifuta macho kwa ncha za vilemba.

Baada ya pazia, mzee mmoja wa Al Hamra, mji wa jirani, alikuja nyuma ya jukwaa na fimbo yake. Alisema kwa Kiarabu kuwa marehemu mkewe alikuwa wa Pemba, na mama mkwe wake kila akimuaga alikuwa akimwambia sentensi moja ya Kiswahili. Hakuwahi kuuliza maana yake, kwa haya. Sasa wote wamekufa. Akaitamka kwa shida, kama anayetoa kitu dhaifu ndani ya kasha: "Haya nenda, uso kama gunzi."

Mimi nilikuwa na nguo mikononi. Bi Rahma akauma midomo akageukia kioo. Mundhir hakupepesa jicho.

"Maana yake," akamwambia mzee, "nenda kwa salama, mwenye uso wa baraka."

Mzee akatikisa kichwa mara nyingi. "Nilijua," akasema. "Siku zote nilijua alinipenda." Akamshika Mundhir bega, akaondoka.

Hapo ndipo nilipojua Mundhir hatorudi kuwa mtu wa kukaa garini. Tulikwenda Sur, tukarudi Nizwa, tukazunguka mpaka gari la mizigo likaomba radhi. Hilal na Mundhir walikuwa wakipokezana, na kila mmoja aliamini watu wanampenda yeye zaidi. Tangu wadi ile kila nafasi katika kundi letu ina watu wawili, na hilo msiliache hata mchezo uwe wa kuhimiza kuosha mikono. Mkubwa wetu wa ofisini alikuja Sur, akacheka. Alipoulizwa akasema tangu mwanzo aliuamini mchezo. Tukamwachia.

Nimestaafu mwaka huu. Yaliyosemwa siku ya kuniaga yalikuwa mazuri na marefu. Wiki chache baadaye "Bibi Kasema Nini?" ulichezwa tena Ibra, na msimamizi wa jukwaa alikuwa mwengine. Nilikwenda kama watu. Nilipita mlango wa mbele, ambao nilikuwa nikiufungua na kuufunga lakini sijawahi kuupita kama mgeni, nikakaa safu ya nne. Mikono yangu haikujua pa kukaa. Taa zilipopungua nilisikia miguu ya wachezaji wakisogea kwenye alama zao nyuma ya pazia, nikamtambua kila mmoja kwa mwendo wake, na ikanijia kwamba watu hawa nimewaona ubavuni na mgongoni miaka yote. Bi Rahma akimtazama mwanawe, uso wake unakuwaje? Nilikuwa sijui.

Bibi aliyekaa pembeni yangu, mtu mzima mwenye harufu ya udi, alinisogezea kashata kwenye karatasi.

"Mchezo huu mwenzangu ulishawahi kuuona?" akaniuliza.

Nikafikiri kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu sikutaka kusema uongo.

"Sijauona," nikamwambia. "Leo ndiyo kwanza."

"Basi kaa vizuri," akasema. "Huyo bibi hana dogo."